Wazee Wanasubiri Chakula

Nilizaliwa milimani, upande wa Ileje, ambako ukifungua mlango asubuhi unaonana na migomba kabla hujaonana na jirani. Ndizi zilikuwa chakula chetu. Tulizichemsha na maharage, tulizichoma kwenye majivu ya moto, tulizianika tukasaga unga, na zilizoiva tuliwapa watoto wanyamaze. Halafu nikaolewa Igamba, kwa Wanyiha, mwendo wa kulala njiani, na huko nikakutana na ulezi.

Ulezi! Siku hizi naona watu wa mjini wanaupima kwa kikombe na kuusifu kwamba unaongeza damu. Enzi zile za Mwingereza haukuhitaji sifa. Ulijaa ghalani, ulitwangwa, ulisagwa juu ya jiwe mpaka mgongo ukalia, na jioni ulisongwa ukatoka ugali mweusi, mzito, wenye kung'aa, ambao ukiumeza unausikia unavyoteremka hatua kwa hatua. Siku ya kwanza nilidhani nimepewa udongo wa kufinyangia vyungu. Sikusema kitu, maana nilikuwa bibi harusi, na bibi harusi hafungui mdomo ovyo. Nilikula huku natabasamu. Mume wangu alinitazama akacheka mpaka akapaliwa.

Huyo mume wangu nilimpata kwa njia ya ajabu kidogo. Alikuwa anarudi kutoka migodini Rodesia ya Kaskazini pamoja na kijana wa jirani yetu, na yule kijana akaugua homa njiani. Basi akamsindikiza mpaka milimani kwetu, akakaa wiki nzima, na wiki nzima mama yangu alimlisha ndizi. Alikula kwa adabu, akashukuru kila mlo, na mama akasema kijana anayejua kula hivi si mtu mbaya. Mambo ya posa yalifuata baadaye. Lakini mimi nilihesabu kwamba nimeolewa na mtu anayependa ndizi, na nilikuwa nimekosea kabisa, kama mtakavyoona.

Maisha ya kula pale Igamba yalikuwa hivi. Asubuhi uji wa ulezi, wenye uchachu kidogo. Mchana, shambani au nyumbani, unatafuna chochote: viazi vitamu, maboga, mahindi mabichi yakiwepo, magimbi. Ukishiba ni juu yako. Jioni ndipo ugali ulipokuja na mboga yake, na mboga ilifuata majira. Mvua zikianza kulikuwa na uyoga na kumbikumbi, na hapo hata wavivu waliamka mapema. Baadaye yalikuja majani mabichi ya maharage na ya maboga. Kiangazi tulikula majani yaliyokaushwa, tukiyalainisha kwa maji ya majivu, na mara mojamoja kambale mkavu wa Rukwa, ambaye watu wa upande wa Msangano walimleta pamoja na chumvi ya kwao. Kambale yule harufu yake ilitangulia kufika kabla ya mwenye mzigo. Nyama ilikuwa ya Krismasi, au ya siku ng'ombe alipovunjika mguu, na Mungu anisamehe, kuna ng'ombe niliowatazama miguu kwa matumaini.

Kitu kimoja kilinishangaza. Mama mkwe alikuwa anaweza kula viazi vitatu vikubwa mchana, akashushia na boga, kisha jioni akaketi akajishika tumbo na kusema, "Jamani, leo tangu asubuhi sijala." Nilidhani ni mzaha wake. Mama yule alikuwa mcheshi sana, mdomo wake ulikuwa na kazi mbili tu, kuonja na kutania, kwa hiyo nilicheka. Naye alinitazama kama mtu asiyeelewa kilichonichekesha.

Kwa desturi ya pale, bibi harusi hakuwa na jiko. Nilitwanga, nilisaga, nilichota maji, nilikata kuni, lakini mwiko haukuwa wangu. Chungu kilikuwa cha mama mkwe, na chakula kilipokwenda kwa wazee kilikwenda kwa jina lake. Wanaume walikula pamoja kwenye kibaraza chao, baba mkwe, ndugu zake wawili na mume wangu, na kila mwanamke mwenye jiko alipeleka kikapu chake cha ugali na bakuli lake la mboga. Kwa hiyo kila mke alijulikana kwa mkono wake. Mimi sikujulikana kwa lolote. Nilikuwa mkono unaosaga tu.

Na baba mkwe hakuwa amewahi kuniona uso. Hilo nalo lilikuwa desturi, mkwe na baba mkwe hawatazamani. Alikuwa mzee wa kanisa, na mchungaji alikuwa amesema kwamba mambo hayo si dhambi kuyaacha, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuyaacha. Akikaribia uani alikohoa, nami nikachepuka nyuma ya ghala. Kati ya jiko na kibaraza cha wazee palikuwa na ua wa matete. Nilisikia kila walichosema, wao hawakuniona.

Nilitaka jiko langu. Nililitaka sana, kuliko nilivyowahi kutaka kanga mpya. Mtu akiniuliza ningesema ni kwa ajili ya heshima, lakini ukweli ni kwamba nilitaka mahali pa kupika ndizi. Mama mkwe hakuwa mkali, ila chungu chake hakikujua kitu kingine zaidi ya ugali na majani, na sikuthubutu kumwambia. Nilipoota, niliota mvuke wa ndizi na maharage kwenye chungu cha mama, na nikiamka natamani kulia kama mtoto.

Kabla ya kupewa jiko ilibidi nijifunze kusonga ulezi. Mara ya kwanza niliusonga kama mahindi, nikatoa kitu ambacho nje kilikuwa kimeiva na ndani unga mkavu. Mama mkwe alikivunja, akakitazama, akasema, "Mwanangu, huu una mimba." Wanawake wote pale uani waliangua kicheko. Kinyiha nilijifunza kwa namna hiyo hiyo, kwa kuchekwa. Lakini alinifundisha. Maji yachemke mpaka yapige kelele. Unga uumwage katikati, uache utokote peke yake bila kuugusa, usiwe na haraka, kisha songa kwa nguvu zote ukiwa umekishika chungu kwa miguu, mpaka jasho likutoke kidevuni. Mwishowe nikaweza. Si vizuri, lakini niliweza.

Ulezi ulipovunwa, mama mkwe akasema, "Jumamosi utawekewa mafiga."

Nilikuwa nimeambiwa masharti siku nyingi. Siku hiyo bibi harusi anapika peke yake, kwenye mafiga yake mapya, kwa chungu chake, kwa unga aliousaga mwenyewe, na majiko mengine hayapeleki kitu kwa wazee. Mama mkwe haruhusiwi kugusa wala kufundisha, kazi yake ni kupeleka chakula kwa wazee na kurudisha vyombo. Vikirudi vitupu, jiko limekubaliwa. Vikirudi na chakula, mafiga yanang'olewa na bibi harusi anarudi chini ya mwiko wa mama mkwe mpaka mavuno mengine. Palikuwa na mwanamke mmoja pale kijijini aliyeng'olewa mafiga mara mbili, na watu walimsimulia kama wanavyosimulia njaa.

Ijumaa, kaka yangu akatokea njiani, ametumwa na mama aje kuona kama bado niko hai. Begani alikuwa na mkungu wa ndizi. Mkungu mkubwa, kijani, vidole vimenona. Nilimwamkia kaka haraka haraka, kisha nikaukumbatia ule mkungu. Mpaka leo ananidai salamu kamili.

Usiku ule nililala na uamuzi. Wazee wangepewa chakula bora kuliko vyote nilivyovijua. Ugali wa ulezi walikula kila siku ya Mungu, ningewapatia nini kipya kwa ugali wangu wenye mimba? Ningewapikia ndizi kama za mama, na maharage, na karanga za kuponda. Niliona kabisa bakuli likirudi limelambwa.

Jumamosi alasiri mawifi walileta mawe matatu kutoka mtoni, mama mkwe akayapanga, akawasha moto kwa kaa kutoka jikoni kwake, kisha akakaa pembeni, mikono mapajani, kama hakimu. Kaka alikuwa amekwisha kuondoka asubuhi. Nilimenya ndizi, mikono ikawa myeusi kwa utomvu, nikachemsha maharage, nikaponda karanga. Mama mkwe alinyoosha shingo kila mara. Alipenda harufu, niliona. Hakusema kitu, hakuruhusiwa. Nilipopakua nilijaza bakuli kubwa hadi juu, na kwenye chungu nikabakiza kiasi chetu sisi wawili. Kiasi hicho nilikifunika kwa jani la mgomba kwa upendo mkubwa. Nilikuwa bado sijala ila ncha ya mwiko ya kuonjea chumvi.

Mama mkwe akachukua bakuli, akasita, akatazama huku na huku kama anayetafuta kitu, kisha akaenda.

Nilijibanza kwenye ua wa matete. Baba mkwe alikuwa na sala ndefu kabla ya kula. Aliwaombea wagonjwa, wajane, ng'ombe, Mfalme wa Uingereza na mvua, na mboga ilipoa kila siku. Jioni ile hakuomba. Nilisikia mikono ikioshwa na moja kwa moja wakaanza kula! Nikajiambia, wamezidiwa na harufu. Nikamsikia mdogo wake akisema, "Hii ni nini, mbona tamu hivi?" na mwingine, "Sogeza bakuli." Halafu kimya, kile kimya kizuri cha watu wanaokula. Mama mkwe akarudi na bakuli. Lilikuwa tupu, limefutwa kwa kidole.

Nilirukaruka. Nilimshika mama mkwe mikono nikamzungusha, mtu mzima na heshima zake. Naye alicheka, akazunguka nami mara moja, kisha akasimama.

"Haya, mwanangu, lete."

"Nilete nini, mama?"

"Wazee wanasubiri."

"Wanasubiri nini?"

Akanitazama. "Chakula."

Nilidhani ananitania. Nikamwonyesha bakuli tupu. "Si wamekula, mama? Wamemaliza!"

"Wamemaliza mboga," akasema polepole, na sasa uso wake ulikuwa umeanza kubadilika. "Wamesema mboga yako ni tamu mno, wameshindwa kuvumilia, wameila yote kabla chakula hakijaja. Baba yenu amesema atasali ugali ukifika." Akachungulia mafiga yangu, akachungulia nyuma yangu, akachungulia kila kona. "Ugali uko wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa viazi vitatu na boga na yule mama aliyeshinda bila kula. Nikakaa chini kando ya moto wangu mpya.

"Mama, kwetu hiki ndicho chakula."

Mama mkwe akaweka mkono mdomoni. Hakucheka, na huyu alikuwa mtu aliyecheka hata msibani. "Mimi niliona unapika mboga nyingi hivi," akanong'ona, "nikasema moyoni, huyu mtoto ana mkono mkunjufu. Nikadhani ugali utasonga mwishoni uende wa moto." Kwa upande wa pili wa matete baba mkwe akakohoa. Hakikuwa kikohozi cha kupita njia. Kilikuwa kikohozi cha mtu mwenye njaa.

Kurudishiwa chakula kungekuwa aibu ya kawaida. Kuwaita wanaume wanne na kuwalisha mboga peke yake, kuwaacha walale njaa, hiyo haikuwa imetokea hata kwa yule wa mafiga mara mbili. Nilitamani ardhi ipasuke. Niliwaza njia ya kwenda kwetu usiku ule ule. Mama mkwe hakuwa na ruhusa ya kunisaidia hata kwa kuni, lakini alifanya jambo moja ambalo sitalisahau. Alikwenda akakaa kwenye upenyo wa ua, akawaambia wazee kwa sauti kubwa, "Subirini, anasonga, hataki uende umepoa," na kisha akaanza kuwasimulia habari ndefu ya mbuzi wa jirani, habari isiyokuwa na kichwa wala mkia, huku mkono mmoja nyuma ya mgongo ukinifanyia ishara: haya, haya!

Nilikuwa na unga niliousaga kwa ajili ya uji wa asubuhi. Nikabandika maji. Nikapuliza moto mpaka machozi yakanitoka, na mengine hayakuwa ya moshi. Maji yakapiga kelele. Nikamwaga unga katikati, nikajilazimisha kungoja, na kungoja kule ndiko kulikuwa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kufanya. Mbuzi wa jirani alikuwa amekwisha kuingia kanisani na kula kitambaa cha madhabahu. Nikasonga. Nikasonga na hofu yote na hamu yote ya kwetu, jasho likashuka kidevuni, na ule ugali ukakubali. Ukajikusanya, ukang'aa. Nikautengeneza kwa kibuyu kilicholowa maji, ukakaa kwenye kikapu mviringo, bila ufa.

"Na mboga?" mama mkwe akanong'ona, kwa kuwa mbuzi sasa alikuwa amekufa na hakukuwa na cha kuongeza.

Mboga walikuwa wamekula. Kilichobaki duniani ni ile sehemu yetu chini ya jani. Nilimtazama mama mkwe, naye akatazama pembeni, akaitikia kwa kichwa. Nikafunua jani. Nikakomba chungu chote, mpaka chini, nikaweka kwenye bakuli. Ndizi nilizoziota karibu mwaka mzima zikaondoka kwenda kuliwa pamoja na ugali, chakula kwa chakula, na mimi ndiye niliyezitoa. Nililia bila sauti, nasema kweli. Nililia kama mlafi.

Upande wa pili baba mkwe akaomba. Aliwaombea wagonjwa, wajane, ng'ombe, Mfalme na mvua. Wakala. Na mama mkwe aliporudi, kikapu kilikuwa kitupu na bakuli tupu, naye akaviweka chini, akakaa kando yangu, akaangua kicheko alichokuwa amekizuia jioni nzima. Tulicheka tukiwa tumeegemeana. Kisha akanigawia kiporo cha ugali wake wa jana na chumvi, tukala hivyo hivyo, kwenye mafiga yangu. Mafiga yalibaki.

Mume wangu alipokuja kulala nilimkabili. "Wewe! Kwetu ulikula ndizi wiki nzima, ukashukuru. Mbona hukuwaambia ndugu zako kwamba ni chakula?"

Akajikuna kichwa. "Kwenu nilikuwa mgeni," akasema. "Niliona haya kuuliza ugali uko wapi. Ile wiki, mke wangu, nilikaa na njaa mpaka nikaona nyota mchana."

Baada ya hapo yalipita majuma kadhaa. Mume wangu akaaga kwamba anakwenda kumtazama ndugu yake kijiji cha Hasamba, akakawia siku nyingi kuliko Hasamba inavyohitaji. Asubuhi moja nikiwa bado nafagia nikasikia jembe nyuma ya jiko langu. Nikachungulia kwenye tundu la ukuta. Baba mkwe alikuwa anachimba shimo, yeye mwenyewe, mzee wa kanisa na magoti yake mabovu. Mume wangu alikuwa amesimama kando, miguu imejaa vumbi jekundu la njia ya kwetu, ameshika machipukizi ya migomba.

"Baba, ungeniachia nichimbe," alisema mume wangu.

"Wewe kaa kando." Baba mkwe hakugeuka kutazama jiko, ila alipaza sauti kidogo, na nilijua anasema na nani. "Lile bakuli la pili lilikuwa na ukoko. Ukoko hukaa chini ya chungu. Nilipouona nikajua mpishi ametupatia sehemu yake, na mimi nikaila kwa sababu kuikataa kungeng'oa mafiga yake. Imenikaa kooni tangu siku ile. Katika nyumba yangu mtu asipike halafu alale bila chakula cha kwao."

Alisema chakula. Hakusema mboga. Nilikaa chini pale pale juu ya ufagio, nikaziba mdomo kwa kanga.

Ile migomba ilishika. Mkungu wa kwanza ulipokomaa nilipika chungu kizima, nikampakulia mama mkwe, nikapakua bakuli langu, tukaketi tukala mpaka tukashindwa kuinuka. Halafu nikabandika maji ya ugali, maana wazee walikuwa wanasubiri.